Kutoka Vilima vya Rubaya Mpaka Oak Ridge

Mutu akitaja koltani sisi wote tunafikiria vita na simu. Lakini iko historia ingine yenye hatuifundishwi: historia ya hesabu.

Mwaka 1979, Toshiki Tajima na John Dawson, wanafizikia wa Los Angeles, waliandika kwamba mwanga wa leza ukipita ndani ya plazima (gesi yenye elektroni zake zimetengana na atomu) unaacha wimbi nyuma, kama vile mtumbwi unavyofanya kwenye Ziwa Kivu. Elektroni ikipanda juu ya wimbi hilo, inasukumwa kwa nguvu ya ajabu. Leza ya kutosha kwa kazi hiyo haikukuwapo bado. Kompyuta ilikuwapo, basi wakaiga jambo lote ndani ya kompyuta. Ndiyo kusema jaribio la kwanza lilikuwa hesabu tupu.

Hesabu inataka mashini, na mashini inataka tantali ya kutengenezea kapasita, vile vitu vidogo vinavyotunza umeme. Mwaka 2000 bei ya tantali iliruka. Masisi na Walikale, vijana wakaacha shule na mashamba, wakashika beleshi. RCD-Goma, waliokuwa wanatawala huku, mwezi wa Novemba wakaipa kampuni moja tu, SOMIGL, haki ya kuuza koltani nje. Mwaka 2001 bei ikaanguka. Mashamba yalikuwa yamekwisha kuchimbwa, na ng'ombe wa Masisi walikuwa wamekwisha kuliwa na vita.

Huko Berkeley kazi iliendelea. Mwaka 2006 elektroni zilifikishwa kwenye nguvu ya volti bilioni 1 ndani ya sentimita 3.3 tu, mashini za kawaida zinahitaji makumi ya mita. Mwaka 2022, programu WarpX, inayofuata mabilioni ya chembe hatua kwa hatua, ilishinda tuzo ya Gordon Bell. Moja kati ya kompyuta zilizoiendesha ni Frontier, yenye prosesa za picha zaidi ya 37,000. Iko wapi? Oak Ridge, Tennessee. Ni mji ule ule uliosafisha urani ya Shinkolobwe kwa ajili ya bomu la 1945. Kwangu mimi hilo linauma kuliko hadithi yote ya simu.

Tantali ikishayeyushwa huwezi tena kuitambua kwa macho kwamba ni ya Masisi. Rubaya, yenye Umoja wa Mataifa unakadiria inatoa karibu 15% ya tantali ya dunia, iliingia mikononi mwa M23 mwaka 2024, na watu bado wanachimba kwa mikono.

WarpX yenyewe ni ya bure. Mfano mdogo, wa vipimo viwili, unaendeshwa hata na laptop ya mwanafunzi wa Goma, kama umeme haujakatika.