Hans Mdogo
Hans Mdogo ni jina la bandia la Herbert Graf (1903–1973), mtoto wa Vienna, Austria, ambaye hofu yake ya farasi ilichambuliwa na Sigmund Freud katika maandishi ya mwaka 1909. Freud alidai kuwa farasi aliwakilisha baba: mtoto alimtamani mama yake na kuogopa kuhasiwa na baba. Hata hivyo, taarifa nyingi zilitoka kwa baba mwenyewe, Max Graf, mfuasi wa Freud, jambo linalodhoofisha ushahidi. Mwaka 1960 Joseph Wolpe na Stanley Rachman walieleza kuwa hofu hiyo ilitokana na kumshuhudia farasi aliyekuwa akivuta basi akianguka barabarani, tukio ambalo mtoto alilitaja. John Bowlby (1973) alisisitiza woga wa kuachwa na mama. Herbert Graf baadaye alikuwa mwongozaji wa opera.