Kuona Bila Kuamuru: Ufuatiliaji wa Kielektroniki wa Vyombo katika Mlangobahari wa Bosporus, 1979–2018

Mlangobahari wa Bosporus una urefu wa kilomita 31 hivi, na mahali pake pembamba zaidi upana haufiki mita 750. Katika wembamba huo, unaolikata jiji la Istanbul, meli za mafuta hupita baina ya Bahari Nyeusi na Marmara, huku vivuko vya abiria vikikatiza njia yao na mashua za wavuvi zikifuata samaki. Ugumu wa kuvisimamia vyombo hivyo haukutokana na jiografia pekee. Mkataba wa Montreux wa mwaka 1936 uliziruhusu meli za biashara za mataifa yote kupita kwa uhuru wakati wa amani, na ukaliacha suala la kuchukua rubani kuwa hiari. Uturuki, kwa hiyo, ilibeba hatari ya safari ambazo haikuwa na mamlaka kamili ya kuzizuia. Insha hii inadai kwamba ufuatiliaji wa kielektroniki ulikubalika hasa kwa sababu uliipa dola hiyo macho bila kugusa uhuru huo wa kupita.

Msukumo ulitoka kwenye maafa. Tarehe 15 Novemba 1979 meli ya mafuta ya Romania, Independenta, iligongana na meli ya Ugiriki karibu na Haydarpaşa. Mabaharia 43 walikufa. Wakati huo meli zilipita upande wa kushoto, kinyume na desturi ya bahari nyingine, na utaratibu huo haukubadilishwa hadi 1982. Machi 1994 meli ya mafuta Nassia nayo iligongana na meli nyingine na kuwaka moto. Kanuni mpya zilianza kutumika tarehe 1 Julai mwaka huohuo, zikatenga njia za kwenda na kurudi. Urusi ilizipinga, ikiziona kuwa zinapunguza haki za Montreux. Kituo cha kusimamia vyombo kwa rada na kamera, kilichoanza kazi mwishoni mwa 2003, hakikuzua ubishi wa kiasi hicho: kumtazama mpitaji si kumfungia mlango.

Hata hivyo, macho hayo hayakuviona vyombo vyote kwa usawa. Sharti la kimataifa la kubeba kifaa cha kujitambulisha kielektroniki liliwekwa kwa meli za abiria na meli za mizigo zenye ujazo wa tani 300 na zaidi ziendazo safari za kimataifa. Mashua ndogo ya mvuvi haikubanwa nalo. Chombo dhaifu kuliko vyote, tena kilicho wepesi wa kugeuka ghafla, ndicho kilichobaki kikitegemea jicho la nahodha.

Tarehe 7 Aprili 2018, meli Vitaspirit, yenye urefu wa mita 225, ilipatwa na hitilafu ya mitambo, ikaacha njia na kuibomoa sehemu ya jumba la kale la Hekimbaşı Salih Efendi ukingoni mwa Asia. Haikuwa meli iliyofichika. Kilichokosekana ni nguvu ya kuisimamisha.