Mandazi ya nyumbani na sahihi ya bwana

Katika miji ya Kivu, mama wengi wanalisha familia kwa mandazi, sombe ao kasiksi wanayoitayarisha nyumbani. Lakini sheria ya familia ya mwaka 1987, kifungu cha 448, ilidai mke apate ruhusa ya bwana yake kabla ya kufunga mapatano ya kisheria. Vita vilipotenganisha familia, mama aliyekimbia peke yake angeomba sahihi kwa nani? Njia ilipita mahakamani. Mwezi wa 7 mwaka 2016, sheria mpya iliondoa ruhusa hiyo. Sasa bibi na bwana wanapaswa kupatana wote wawili. Wakishindwa, mahakama ya amani inaamua. Patenti ya biashara ndogo ndogo, inayotajwa katika sheria ya mwaka 1990, yenyewe ingali inaombwa.