Jinamizi
Kwenye kibanda cha video mjini Bwera, wilayani Kasese, Uganda, kijana mmoja aliniuliza: huyu Enmu, mhusika wa katuni ya Kijapani Demon Slayer, anayewalaza abiria wa treni ili awamalize ndotoni, tumwiteje kwa Kiswahili? Mwenyewe alipendekeza "shetani wa ndoto". Neno tunalo: jinamizi. Si ndoto mbaya tu. Ni ule mzigo unaokukalia kifuani usiku, macho umeyafumbua, ulimi mzito, sauti haitoki. Ndani yake nasikia kuinama, kama mtu aliyeinamiwa na kitu. Na huko Kasese, mji uliofikiwa na reli mwaka 1956, treni ya Enmu inaeleweka upesi.

Ila wanafunzi waliouawa katika Shule ya Sekondari ya Lhubiriha, Mpondwe, jirani na Bwera, tarehe 16 Juni 2023 hawakuwa wakiota. Yale tusiyaite jinamizi. Ni mauaji.