Kuchemsha na Kuchemka: Joto la Injini Njiani Bukoba hadi Muleba

Lori la tela likisimama pembeni ya barabara ya Bukoba na Muleba, kabini imeinuliwa na mvuke unafuka, hakuna anayeuliza kuna nini. Limechemsha. Dereva analisema neno hilo, utingo analisema, na mama anayeuza ndizi ng'ambo ya barabara analisema pia. Vijana wamelichukua hata kwa binadamu: aliyeshindwa jambo mbele za watu, amechemsha. Tukiketi kuandika vitabu vya ufundi, hata hivyo, tunaliona la mtaani mno, tunaandika "ongezeko la joto la injini kupita kiasi". Naamini tunapoteza. Neno la barabarani lina sarufi inayomsaidia fundi kutafuta ugonjwa, na ile ibara ndefu haina.

Maji huchemka. Injini huchemsha, yaani huyafanya maji yachemke. Ni matukio mawili, na si lazima yaende pamoja. Maji yanaweza kuchemka ndani ya rejeta wakati injini haina joto la kutisha, na injini inaweza kuwa na joto la kuiua wakati maji hayajatoa hata povu. Swali la kwanza la fundi liwe hili: je, injini imetoa joto kuliko linaloweza kuondolewa, au maji yamechemka kabla ya wakati wake?

Huku mkoani Kagera, swali hilo lina uzito wa pekee. Uso wa Ziwa Victoria uko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Kwa sababu hiyo maji yaliyo wazi pale Bukoba huchemka karibu nyuzi 96 za Selsiasi, wakati Dar es Salaam huchemka kwenye 100. Kadiri unavyopanda kuelekea Kamachumu, kiwango hicho kinazidi kushuka. Injini nyingi za dizeli hufanya kazi vizuri kati ya nyuzi 80 na 95 hivi. Nafasi iliyobaki ni finyu sana, na anayeipanua ni mfuniko wa rejeta. Mfuniko mzima hushikilia mgandamizo wa karibu bar 0.9 juu ya ule wa hewa ya nje, na ndani ya mgandamizo huo maji hayachemki mpaka yakaribie nyuzi 115. Kulanti, yaani dawa ya kupozea, ikichanganywa na maji kwa vipimo vyake huongeza nyuzi nyingine kadhaa. Mpira wa mfuniko ukichoka, au springi yake ikilegea, hayo yote yanapotea. Geji inasoma kawaida, maji yanachemka, lori linafuka mvuke, na mwenye gari anauziwa rejeta mpya kwa sababu ya kifaa kidogo tu cha mfumo wa kupoza.

Upande wa pili ndio unaoua injini. Mfuniko ni mzima, kulanti ipo, geji imepanda hadi 110, lakini hakuna mvuke. Dereva anajiambia gari halijachemsha, anaendelea kupanda. Silinda hedi inapinda, gasketi inaungua. Hapa neno letu linahitaji mwenzake, na mimi napendekeza tuseme injini "imepanda joto" pale geji inapovuka kiwango chake, na "kuchemsha" tuliachie tukio la mwisho, la maji. Madereva wengi tayari husema "joto limepanda". Vitabu viwafuate.

Kwa nini hutokea zaidi lori likivuta tela? Chukua gari na tela lake lenye uzito wa jumla wa tani 40, kwenye mwinuko wa mita 6 kwa kila mita 100, kwa mwendo wa kilomita 20 kwa saa. Kuunyanyua uzito huo peke yake kunadai takriban kilowati 130 kutoka kwenye injini. Gari la tani 25 lisilo na tela lingedai kama 82. Injini ya dizeli hupeleka kwenye maji karibu robo ya nishati ya mafuta, kwa hiyo rejeta ya lile lenye tela inaweza kubebeshwa kilowati 80 au zaidi za joto, sawa na birika 40 za umeme zinazochemka kwa pamoja. Na kwa mwendo huo wa polepole upepo wa njiani haupo. Feni ndiyo inayofanya kazi yote.

Kwa hiyo cha kumwuliza dereva ni joto lilipanda lini. Likipanda gari limesimama au linakwenda taratibu, kisha likashuka mwendo unapoongezeka, mashaka yaangukie feni, klachi yake na mkanda. Likipanda mlimani tu, kisha tambarare likarudi mahali pake, rejeta haipitishi joto vya kutosha. Mara nyingi mapezi yake yameziba kwa nje. Vumbi jekundu na wadudu wadogo wanaoruka kwa mawingu kutoka ziwani hushikana na mafuta yaliyovuja, vikawa tope gumu mbele ya intakula (kipozahewa cha injini) na rejeta. Likipanda hata tambarare gari likiwa tupu, tazama pampu ya maji, mirija iliyoziba kwa ndani, na breki zinazobana. Na viputo vikitoka mfululizo kwenye rejeta injini inapokanyagwa, ingawa haijapata joto, basi moto wa silinda unapenya kwenye gasketi. Hapo hakuna cha kubahatisha.

Nimeacha thamostati makusudi, kwa kuwa ndiyo inayoonewa. Jina limekopwa, halielezi kazi, na pengine ndiyo sababu mafundi wengi huiona kama kizuizi cha maji, wakaing'oa na kuitupa. Neno "kidhibitijoto" lingewaonya. Ndani yake mna nta ambayo, kwenye injini nyingi za dizeli, huyeyuka na kutanuka kuanzia karibu nyuzi 82, ikafungua njia ya kwenda kwenye rejeta. Katika injini nyingi thamostati hiyo hiyo pia huifunga njia ya mkato inayoyarudisha maji kwenye injini bila kupoozwa. Ukiing'oa, njia ya mkato inabaki wazi, sehemu ya maji ya moto haifiki kabisa kwenye rejeta, na mlimani gari linazidi kupanda joto. Ikiwa geji imepanda na bomba la juu la rejeta bado ni vuguvugu, kidhibitijoto kimeganda na kibadilishwe. Kisitupwe bila mbadala.

Dereva unayepanda kutoka Muhutwe kwenda Kamachumu na mzigo, shusha gia mapema na upunguze mafuta, feni na pampu zizunguke kwa kasi wakati injini inadaiwa kidogo. Geji ikiendelea kupanda, simama, iache injini iungurume bila mzigo ili maji yaendelee kuzunguka, na mfuniko usiuguse mpaka rejeta ipoe. Ukifika gereji usiseme tu kwamba gari limechemsha. Mwambie fundi geji ilifika wapi, ulikuwa gia ya ngapi, na kama mvuke ulitoka.