Masista Waliofundisha Kutazama



Kila mwaka mwezi wa Mei unapokaribia, katika jumuiya zetu huanza mashauri yale yale: nani ataleta maua ya kupamba sanamu ya Bikira Maria, nani atashona vitambaa, watoto waandamane namna gani. Mashauri hayo huonekana kuwa madogo, na mara nyingi huachiwa akina mama na vijana wakati wazee wanajadili mambo yanayohesabiwa kuwa mazito. Lakini ndani yake mna swali ambalo sisi makatekista hatuwezi kulikwepa: je, uzuri ni pambo linaloongezwa baada ya imani kufundishwa, au ni njia mojawapo ya kuifundisha? Katika tafakari hii tunapenda kulitazama swali hilo kwa kufuata historia ya chuo kimoja kidogo cha wanawake Wakatoliki katika mji wa Los Angeles, nchini Marekani. Huko somo la sanaa lilifundishwa na masista, na maandamano ya mwezi wa Mei yakawa sehemu ya habari ndefu, yenye furaha na machozi.

Chuo hicho kiliitwa Immaculate Heart College, yaani Chuo cha Moyo Safi. Kilikuwa mali ya Masista wa Moyo Safi wa Maria, shirika lililozaliwa katika mji wa Olot, Hispania, mwaka 1848, na ambalo masista wake wa kwanza walifika California mwaka 1871. Walifundisha katika shule za parokia, na baadaye wakaanzisha chuo chao cha elimu ya juu kwa wasichana. Kama ilivyo kwa kazi nyingi za watawa, hazina kubwa ya chuo hicho haikuwa fedha. Ilikuwa mikono na akili za masista wenyewe.

Mwaka 1936 aliingia katika shirika hilo msichana mmoja, Frances Elizabeth Kent, mzaliwa wa Fort Dodge katika jimbo la Iowa. Alipewa jina la Sista Mary Corita. Alipata shahada yake katika chuo hicho hicho mwaka 1941, akafundisha watoto wadogo kwa muda, kisha akaitwa kurudi chuoni kufundisha sanaa. Wakati huo idara ya sanaa ilikuwa chini ya Sista Magdalen Mary, mwanamke mwenye bidii ambaye alikusanya vitu vya sanaa za watu wa kawaida kutoka nchi mbalimbali ili wanafunzi wavione na kuvishika. Mwaka 1951 Sista Corita alipata shahada ya pili katika historia ya sanaa kwenye Chuo Kikuu cha Southern California. Katika miaka hiyo hiyo alijifunza kuchapa picha kwa kitambaa cha hariri kutoka kwa mjane wa mchoraji Alfredo Ramos Martínez wa Mexico.

Inafaa tueleze kazi hiyo ya kuchapa, kwa kuwa inaeleza pia roho ya mwalimu huyo. Kitambaa chembamba hukazwa juu ya fremu ya mbao, sehemu zisizotakiwa kupitisha rangi huzibwa, kisha rangi husukumwa juu ya kitambaa ili ipenye katika sehemu zilizo wazi na kuangukia karatasi iliyo chini. Kila rangi huhitaji kupitishwa peke yake. Kwa njia hiyo picha moja huweza kutolewa mara nyingi, na kila nakala ni ya halali kama nyingine. Sista Corita aliipenda njia hiyo kwa sababu iliwezesha picha kuuzwa kwa bei nafuu, hata mfanyakazi wa kawaida akaweza kuitundika nyumbani kwake. Mwaka 1952 moja ya picha zake za kwanza, yenye fumbo la Bikira Maria, ilipata tuzo ya kwanza katika mashindano ya sanaa ya Los Angeles. Watu walishangaa kwamba sista wa chuo kidogo aliwapita wachoraji wenye majina makubwa.

Hata hivyo, kazi yake kubwa ilikuwa darasani. Chombo chake maarufu kilikuwa kipande cha karatasi ngumu kilichokatwa tundu la mraba katikati. Kila mwanafunzi alipewa kipande hicho, na darasa zima lilitoka kwenda barabarani, sokoni, au mahali pa kuoshea magari. Kazi yao ilikuwa kutazama kupitia tundu hilo: herufi moja ya bango, kivuli cha ngazi, ukingo wa gurudumu. Tundu lilikata yote yaliyozunguka, na kitu kidogo kilichokuwa kimesahauliwa kikaanza kuonekana. Tena hakuwaagiza mchoro mmoja; aliwaagiza makumi, wakati mwingine mamia, ili mkono uchoke kujionyesha na jicho lianze kufanya kazi yake. Wageni mashuhuri walifika kuwaona wasichana hao na kuzungumza nao, wakiwamo Charles Eames, mbunifu wa samani, na John Cage, mtunzi wa muziki.

Sisi tuliosomea ualimu tunatambua kilichofanyika hapo. Wengi wetu tulizoezwa kufundisha kwa kukariri: swali limeandikwa, jibu limeandikwa, mtoto anarudia. Kukariri kuna faida yake, maana imani ina maneno ambayo lazima yahifadhiwe. Lakini mtoto anayejua jibu bila kuzoea kutazama atapita mbele ya maskini mlangoni kama yule tajiri wa Injili alivyompita Lazaro. Lawama ya tajiri yule katika Injili ya Luka haikuwa kwamba alimpiga Lazaro. Lazaro alilala mlangoni pake kila siku, naye tajiri aliishi kana kwamba hayupo. Masista wa chuo kile, kwa kipande cha karatasi kisichogharimu chochote, waliwazoeza wasichana wao kushinda upofu wa namna hiyo.

Mwaka 1962 Sista Corita alichapa picha aliyoiita wonderbread, jina la mkate uliouzwa katika kila duka la Marekani. Ndani yake mlikuwa na duara kumi na mbili za rangi mbalimbali, kama zile zilizopamba karatasi ya kufungia mkate huo. Mtazamaji aliona mkate wa dukani, na papo hapo akaona hostia. Mwaka 1964 alichapa nyingine iliyoleta ubishi mkubwa zaidi, ambamo Bikira Maria alilinganishwa na nyanya iliyoiva kuliko zote, kwa kufuata lugha ya matangazo ya vyakula vya mikebe. Katika Kiingereza cha mtaani cha Marekani neno hilo lilitumiwa pia kumtaja mwanamke wa kuvutia, kwa hiyo waumini wengi waliona ni dharau. Hatuwezi kuwashangaa. Lakini tukumbuke kwamba katika Litania ya Loreto Mama yetu huitwa waridi, mnara na nyumba ya dhahabu. Waliotunga sifa hizo walichukua vitu ambavyo watu wa zama zao waliviona kuwa vizuri. Sista Corita alichukua vitu vya zama zake, vilivyokuwa mezani na sokoni.

Mwaka huo huo wa 1964 chuo kiliadhimisha Siku ya Maria kwa namna mpya. Kwa miaka mingi sikukuu hiyo ilikuwa maandamano ya heshima, ya kimya, na ya mavazi meusi ya kitaaluma. Safari hii wasichana walivaa maua kichwani, wakabeba mabango ya rangi waliyoyatengeneza kwa picha za vyakula, wakiunganisha sifa za Mama wa Mungu na kilio cha watu wenye njaa duniani. Barua ya Papa Yohane wa XXIII juu ya amani, iliyotolewa mwaka 1963, ilikuwa bado mpya masikioni mwao. Mwezi wa Desemba wa mwaka huo wa 1963 Mtaguso wa Vatikano wa Pili ulikuwa umetangaza Konstitusio juu ya Liturujia, ukifundisha kwamba Kanisa halikufanya mtindo mmoja wa sanaa kuwa wake peke yake, bali limepokea mitindo ya kila zama na kila taifa. Sisi Wakongo tumekula tunda la mti huo huo: Misale ya Kiroma kwa majimbo ya Zaire, iliyokubaliwa na Roma mwaka 1988, imetuwezesha kumwabudu Mungu kwa ngoma, kwa hatua na kwa sauti zetu.

Sasa tunafika mahali pa uchungu. Mtaguso uliwaagiza watawa wote warudi katika roho ya waanzilishi wao na kujipyaisha kulingana na nyakati. Mwaka 1967 Masista wa Moyo Safi, wakiongozwa na Mama Mkuu wao Anita Caspary, walitoa maazimio yao. Waliomba uhuru wa kuchagua mavazi, saa za sala na aina ya utume. Waliomba pia jambo ambalo kila mwalimu atalielewa: sista asipelekwe darasani kabla hajamaliza mafunzo yake ya ualimu. Askofu Mkuu wa Los Angeles, Kardinali James Francis McIntyre, hakukubali. Tusimhukumu kwa haraka. Alikuwa amejenga shule nyingi kwa ajili ya waumini waliokuwa wakiongezeka upesi, na shule hizo zilitegemea masista. Roma iliingilia kati, ikitaka masista wavae vazi moja la kitawa, wasali pamoja kila siku, wadumu katika kazi ya elimu na kushirikiana na maaskofu wa mahali. Mapatano hayakupatikana. Mwaka 1970 masista zaidi ya 300 waliacha nadhiri zao za kitawa, na wengi wao wakaunda jumuiya ya walei iitwayo Immaculate Heart Community. Wachache walibaki katika utaratibu wa zamani.

Sista Corita alikuwa ameondoka kabla ya hapo. Mwaka 1968, akiwa amechoka, baada ya miaka 32 ya utawa, aliomba kufunguliwa nadhiri zake, akahamia Boston. Aliendelea kuchora hata alipougua saratani. Mwaka 1985 posta ya Marekani ilitoa stempu yake ndogo yenye neno la upendo chini ya mistari michache ya rangi, na stempu hizo ziliuzwa kwa mamia ya mamilioni. Alifariki tarehe 18 Septemba 1986. Chuo chenyewe kilikuwa kimekwisha kufungwa miaka michache kabla yake.

Ndugu wapendwa, wapo watakaosoma historia hii na kusema: tazameni, walianza na rangi wakaishia kuvunja nadhiri. Wengine watasema: tazameni, wakubwa walizima Roho. Sisi tunaona kwamba maneno yote mawili yanakwepa kazi ngumu zaidi. Masista wale walifundisha kutazama, na anayezoea kutazama hatazami soko peke yake. Ataona pia darasa lenye watoto wengi kupita kiasi, mwalimu asiyetayarishwa, dada yake aliyechoka. Akishaona, atasema. Jumuiya inayotaka waamini wenye macho lazima ijitayarishe pia kuwa na masikio. Pale Los Angeles macho yalikuwepo. Subira ya kusikilizana ndiyo iliyopungua, na Kanisa lote lilipata hasara.

Kwetu sisi walei somo hili liko karibu. Katika parokia zetu wamo wasichana wanaopamba altare, wanaoandika mabango ya sikukuu, wanaochora mti wa Noeli ubaoni kwa chaki. Tunawashukuru kwa neno moja, kisha tunaendelea na mkutano wetu bila wao. Mwezi huu wa Mei tuwaalike wakae nasi, watueleze walichokiona walipokuwa wakichagua maua na kukata vitambaa, na kile wanachokiona katika jumuiya ambacho sisi tumezoea kukipita. Tuwasikilize mpaka mwisho, hata kama watakachosema kitatugusa sisi wenyewe.

Maria, Mama mwenye Moyo Safi, aliyeyaweka yote moyoni mwake na kuyatafakari, atuombee.