Askari Aliyewarudia Adui Zake: Maisha ya Mchungaji Jacob DeShazer



Katika nyumba nyingi za wanachama wetu zimo kumbukumbu za vita vya Burma. Mwaka wa 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyokuwa na askari wa Kenya, Uganda, Tanganyika, Nyasaland na penginepo, ilipigana na Wajapani katika bonde la Kabaw, katikati ya mvua, matope na homa. Waliorudi walirudi na medali. Lakini wako waliorudi pia na uchungu ambao hawakuupatia maneno, nasi watoto na wajukuu tuliuona tu katika kimya chao. Kwa sababu hiyo tumeona vema kuandika habari za askari wa taifa jingine, aliyepigana na adui yule yule, akateswa mno, na baadaye akawaendea adui zake bila silaha.

Jacob DeShazer alizaliwa tarehe 15 Novemba, 1912, katika jimbo la Oregon, Marekani, akalelewa na wazazi wacha Mungu; walakini yeye mwenyewe hakuishika dini yao. Alikuwa askari tayari wakati Wajapani waliposhambulia Pearl Harbor, tarehe 7 Desemba, 1941. Siku hiyo alikuwa katika zamu ya jikoni akimenya viazi. Aliposikia habari alikitupa kiazi ukutani kwa hasira, akaapa kwamba Wajapani watalipa.

Nafasi ya kulipiza haikukawia. Tarehe 18 Aprili, 1942, eropleni 16 zenye watu 80, chini ya uongozi wa James Doolittle, ziliruka kutoka manowari iliyoitwa Hornet ili kuipiga Japani. DeShazer alikuwa mtupa mabomu katika eropleni ya mwisho, nayo iliupiga mji wa Nagoya. Mafuta yalipokwisha juu ya Uchina, yeye na wenzake walijirusha kwa miavuli usiku, wakaangukia nchi iliyoshikwa na Wajapani. Watu wanane walitekwa kutoka eropleni mbili. Wala haifai tuwasahau wakulima wa Kichina: maelfu kwa maelfu waliuawa na jeshi la Japani, kwa kuwa watu wao waliwaficha Wamarekani walioponyoka.

Mateka wote wanane walihukumiwa kufa. Watatu walipigwa risasi tarehe 15 Oktoba, 1942, na watano wakapunguziwa hukumu iwe kifungo cha maisha. DeShazer alikaa gerezani miezi 40, na katika hiyo, miezi 34 alifungwa peke yake chumbani. Alipigwa, akashindishwa na njaa, akaugua. Mnamo Desemba 1943 mwenzake mmoja, Robert Meder, alikufa kwa maradhi na utapiamlo. DeShazer ameeleza wazi kwamba chuki yake juu ya Wajapani ilikaribia kumtia wazimu.

Mwezi wa Mei 1944 mlinzi alimpa Biblia, akaruhusiwa kukaa nayo kwa majuma matatu tu. Aliisoma mchana kutwa katika mwanga hafifu, akijifunza sehemu nyingi kwa moyo, na tarehe 8 Juni akamwamini Kristo. Lakini kuamini ni jambo moja, na kutenda ni jingine. Siku moja mlinzi alimsukuma chumbani, akaubamiza mlango juu ya mguu wake usio na kiatu, akaupiga kwa buti. DeShazer aliwaka hasira. Kisha akaikumbuka amri ya Bwana ya kuwapenda adui. Asubuhi iliyofuata alimsalimu mlinzi yule kwa adabu, kwa Kijapani, akaendelea hivyo siku baada ya siku. Mlinzi alistaajabu, akaanza kuzungumza naye, na hatimaye akamletea kiazi kitamu kilichochemshwa.

Alifunguliwa tarehe 20 Agosti, 1945. Wakati huo angeweza kurudi kwao, akala pensheni yake kwa amani, wala hakuna ambaye angemlaumu. Badala yake aliingia chuo cha Seattle Pacific, na mwisho wa mwaka wa 1948 akafika Japani pamoja na mke wake, Florence, akiwa mmisionari wa Kanisa la Free Methodist. Kijitabu cha habari zake za gerezani kilikwisha kuenezwa huko, na nakala moja ilifika mikononi mwa Mitsuo Fuchida, yule rubani aliyeongoza shambulio la Pearl Harbor. Fuchida alishangaa kwamba mtu aweza kuacha kisasi, akatafuta Biblia, akawa Mkristo. Mwaka wa 1950 watu hao wawili walikutana, wakahubiri pamoja. Mwaka wa 1959 DeShazer alianzisha kanisa katika Nagoya, mji ule ule alioutupia mabomu. Alitumika Japani kwa muda wa miaka 30 hivi, akafariki Oregon tarehe 15 Machi, 2008, mwenye umri wa miaka 95.

Huenda mzee mmoja akauliza: je, kusamehe si kuifuta haki ya waliokufa? Twajibu kwamba sivyo. Mwaka wa 1946 maofisa wanne wa Kijapani walishtakiwa Shanghai kwa ajili ya mateka wale, wakafungwa. Sheria ilifanya kazi yake, na DeShazer hakusema popote kwamba wenzake hawakuuawa kwa dhuluma. Alilokataa ni kuiacha chuki imtawale mpaka kufa kwake.

Nasi hatuna haja ya kuvuka bahari ili tukutane na adui. Wako ndugu waliogombania shamba, na majirani wasiosalimiana tangu siku za baba zao, hata msibani wakakaa mbali mbali. DeShazer alianza na salamu ya asubuhi kupitia mlango wa gereza. Sisi milango yetu haina kufuli. Basi wazee wetu na watutangulie, nasi vijana tutafuata.